Nani Aandikwe katika Ukoo?



Kuna swali linaloulizwa siku hizi vijijini mwetu, nalo lastahili jibu la kweli: je, mtu anayeandika ukoo wake ana ruhusa ya kumwacha nje mmoja wa watu wake, kwa kuwa jamaa hawapendi atajwe?

Swali hilo si geni, lakini limepata nguvu mpya. Kijana aliyesoma mjini akirudi kwao huja na simu au kompyuta yenye programu ya kuandikia kumbukumbu. Huketi karibu na bibi yake, huuliza majina, huyaandika. Moja ya programu hizo yaitwa Obsidian, iliyotolewa mwaka 2020, nazo ziko nyingine nyingi. Ufundi wake si mgumu kufahamu. Kila mtu wa ukoo hupewa ukurasa wake. Katika ukurasa wa Petro kijana aandika kwamba mama yake ni Ana, na jina la Ana alitia ndani ya mabano mawili mawili. Mara jina hilo lageuka kuwa njia: ukiligusa kwa kidole, wafikishwa kwenye ukurasa wa Ana, na kutoka kwa Ana waweza kwenda kwa kaka yake, na kwa watoto wa kaka yake, mpaka utakapochoka. Zikiisha kuandikwa kurasa hamsini au mia, programu yenyewe huchora picha: nukta nyingi, kila nukta ni mtu, na nyuzi zinazowaunga kama utando wa buibui.

Kazi hiyo ni njema. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi, na vigumu kuwaheshimu watu ambao hata majina yao tumeyapoteza. Lakini kijana hafiki mbali kabla hajasikia jina ambalo bibi alitaja kwa sauti ndogo, na mzee mmoja aliyeketi kando asema: «Huyo usimwandike.»

Mababu zetu walijua kuyashika majina bila karatasi. Waluba walikuwa na kitu kiitwacho lukasa, kibao cha mti kinachoshikika mkononi, kilichopambwa kwa shanga na simbi. Wenye elimu yake, watu wa chama cha Mbudye, walipitisha kidole juu ya shanga hizo, na kadiri ya rangi na mpango wake walikumbuka wafalme, koo, safari za watu na vizazi vyao. Mtu asiyefundishwa aliona shanga tu. Kibao hakikusema chenyewe. Alisema mzee anayekisoma, naye alichagua la kusema kadiri ya watu waliokuwa mbele yake. Siku ya mavuno alisema hivi, siku ya kesi alisema vingine. Aliweza kunyamaza kwa ajili ya upendo; aliweza pia kunyamaza kwa ajili ya zawadi aliyopewa. Lakini maandiko ya simu hayatazami nani anayasoma. Yaliyoandikwa humo husomwa na mjukuu sawa kama na adui, na jina lililoachwa nje, wazee wakiisha kufa, limeachwa kwa siku zote.

Basi, ni nani hao wasiotakiwa kuandikwa? Mnawajua kuliko mimi. Ni kizazi cha mtu aliyenunuliwa au kutekwa zamani, ambacho hata leo hunong'onwa kwamba si wenyeji halisi wa nyumba. Ni mke aliyechukuliwa bila mahari, na watoto wake. Ni mtu aliyeshitakiwa uchawi akafukuzwa, ingawa hakuna aliyemthibitishia neno. Ni mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Na katika Kivu na Ituri, tangu vita vilivyoanza mwaka 1996, wako watoto wa akina mama walioshikwa kwa nguvu na watu wenye silaha. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi huko Bukavu, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, amewatibu wengi wa akina mama hao. Vidonda vya mwili vikipona, bado mtoto yuko, naye auliza kwa nini wajomba hawamwiti kwa jina.

Neno la kwanza la kujibu ni hili: mtu asifutwe. Mungu amemwumba, mwanamke fulani amemzaa. Jambo hilo limekwisha kuwa, na hakuna mzee awezaye kulifanya lisiwe. Kuandika kwamba Ana alizaa watoto watatu, ilhali alizaa wanne, ni kushuhudia uongo, hata kama simu haisemi kwa kinywa. Uongo huo si mdogo, maana wamnyima mtu mahali pake kati ya ndugu.

Kitabu cha Ezra chatuonyesha nguvu ya maandiko ya namna hiyo. Wayahudi waliporudi kutoka uhamisho wa Babeli, jamaa kadhaa za makuhani walitafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone. Wakatolewa katika ukuhani. Sisemi kwamba walitendewa vibaya, kwa sababu ukuhani ule ulifuata damu, na bila orodha hapakuwa na hakika. Nasema tu: tazameni jinsi jina lisiloonekana katika kitabu laweza kumwondolea mtu kazi na chakula chake. Vijijini mwetu mashamba na urithi hufuata ukoo vilevile. Anayechora ukoo leo, kesho mchoro wake waweza kuletwa mbele ya chifu kama ushahidi.

Sasa fungueni Evanjili ya Mtakatifu Matayo, ukurasa wake wa kwanza, ule ambao wasomaji wengi huruka kwa sababu ya majina mengi. Ni ukoo wa Bwana wetu Yezu Kristu, tangu Abrahamu, umepangwa katika vizazi kumi na vinne mara tatu. Ukoo wa Wayahudi ulifuata wababa; hapakuwa na lazima ya kutaja mwanamke. Walakini kabla ya kufika kwa Bikira Maria, Matayo ataja wanawake wanne. Tamari alipata mimba kwa baba wa marehemu mume wake, kwa hila, baada ya kunyimwa haki yake. Rahabu alikuwa kahaba wa Yeriko. Ruta alikuwa mgeni, Mmoabu. Wa nne hatajwi hata kwa jina lake. Aitwa mke wa Uriya, ili kila msomaji akumbuke dhambi ya mfalme Davidi, aliyemtwaa mke wa mtu na kumwua mumewe. Mzee wa kwetu angesema: «Hao usiwaandike.» Matayo aliwaandika.

Labda msomaji mwerevu atapinga: «Lakini Matayo naye aliwaacha watu!» Ni kweli, na ni vizuri kusema kweli hiyo. Kati ya Yoramu na Uzia wamerukwa wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao twawaona katika vitabu vya Wafalme. Ukoo mrefu waweza kufupishwa. Wayahudi walifanya hivyo, na hesabu ya kumi na vinne ilitaka hivyo. Lakini angalieni ni akina nani walioachwa na ni akina nani waliobaki. Waliorukwa walivaa taji. Kahaba wa Yeriko na mgeni wa Moabu walibaki.

Kuna sababu nyingine ya kutomfuta mtu, nayo yahusu ndoa. Sheria ya Eklezya, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, yakataza ndoa ya mtu na mzazi wake au babu yake au mjukuu wake, hata iwe mbali namna gani, na kwa upande yakataza mpaka daraja la nne. Daraja huhesabiwa hivi: wahesabu watu wote wa pande mbili, bila kumhesabu mzee wao mmoja wa juu. Babu Yosefu alimzaa Paulo na Marta. Paulo akamzaa Filipo, Marta akamzaa Lusia. Hesabu Paulo, Filipo, Marta, Lusia: ni wanne, basi Filipo na Lusia wamo katika daraja la nne na wamekatazwa. Sheria ya zamani, ya mwaka 1917, ilihesabu upande mmoja tu na kukataza mpaka daraja la tatu, hata wajukuu wa ndugu wawili hawakuweza kuoana bila ruhusa. Najua kwamba katika makabila kadhaa ndoa ya mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba yasifiwa. Mwenye desturi hiyo asioe kwa siri, bali aende kwa paroko, kwa maana Askofu aweza kutoa ruhusa kwa daraja la nne kukiwa na sababu ya haki. Kwa kaka na dada ruhusa haitolewi kamwe.

Mnaona basi hatari. Marta akifutwa katika ukoo kwa sababu alimzaa Lusia nje ya ndoa, nani atamwonya Filipo? Wazee watakaojua watakuwa wamezikwa.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea kwa upande wa pili. Husikia kwamba mtu asifutwe, basi huandika yote: huyu alizaa na nani, yule aliiba nini, mwingine alifukuzwa kwa ajili gani, kisha huutuma mchoro kwa jamaa wote kwa simu, na siku ya pili wausoma watu wa Kalemie na Lubumbashi. Huo si ukweli mtakatifu. Katekisimu yatufundisha kwamba aweza kukosa pia yule anayesema kweli, ikiwa afunua aibu ya mwenzake kwa watu wasioijua, bila sababu ya haki. Kumwandika mtu ni jambo moja, kuiandika aibu yake ni jambo jingine. Mtu lazima awemo. Aibu yake si lazima iwemo.

Eklezya Mama yetu ameliwaza jambo hili muda mrefu, kwa maana yeye naye ni mwandishi wa majina. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaamuru maparoko kuwa na kitabu cha ndoa na kuandika majina ya wasimamizi wa ubatizo. Hata leo kitabu cha ubatizo katika parokia yenu chafanya kazi karibu sawa na programu ile ya simu: pembeni ya jina la mbatizwa huandikwa baadaye kipaimara chake, ndoa yake, upadri au nadhiri zake, hata ukurasa mmoja waelekeza kwenye mwingine. Na kwa mtoto wa mama asiyeolewa Sheria ya 1983 yaagiza hivi: jina la mama laandikwa kama yajulikana wazi kwamba ndiye mama, au kama yeye mwenyewe aomba kwa hiari, kwa barua au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba laandikwa kama lathibitishwa na hati ya serikali, au kama mwenyewe akiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Pasipo hayo laandikwa jina la mbatizwa peke yake, bila kutaja baba wala wazazi.

Fikirini vema agizo hilo. Mtoto hafutwi: ameandikwa, amebatizwa, ni Mkristu kamili. Lakini paroko hapewi ruhusa ya kuandika mambo ya kukisia wala uvumi wa kisimani, wala neno la kudhihaki. Mahali pa baba pameachwa wazi, na wazi si uongo. Zamani, kadiri ya Sheria ya 1917, mtu wa namna hiyo alizuiwa kupewa upadri isipokuwa kwa ruhusa ya pekee. Katika Sheria mpya kizuizi hicho hakimo tena. Serikali yetu nayo, katika Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, yataka kila mtoto Mkongomani awe na baba, na inakataza kumtenga mtoto kwa sababu ya kuzaliwa kwake.

Anayetumia programu aige kitabu cha paroko. Na ajihadhari na jambo moja ambalo karatasi haikulifanya. Mashine huunganisha yenyewe. Ukiandika tarehe ya ndoa ya wazazi katika ukurasa mmoja, na tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza katika ukurasa mwingine, hukuandika neno lolote baya. Lakini mchoro ukipangwa kwa tarehe, kila atazamaye ajua mtoto alitangulia ndoa. Kwa watu walio hai, mimi naona jina na nyuzi zatosha. Tarehe zibaki kwa mwenye nazo. Tena ni afadhali kurasa zibaki katika simu au kompyuta ya mwandishi mwenyewe, kama programu hizo kadhaa zinavyoruhusu, kuliko kupelekwa mahali ambapo hajui nani mlinzi wake.

Jambo jingine lahusu maneno. Mwingereza mmoja, W. H. R. Rivers, aliyesafiri mwaka 1898 katika visiwa vya Torres, karibu na Australia, alitengeneza namna ya kuuliza ukoo kwa maneno machache tu: baba, mama, mtoto, mume, mke. Kila neno alilifunga kwa mzazi halisi na ndoa halisi, ili asipotezwe na desturi ya watu wanaoita wengi «baba». Programu nyingi za ukoo zimerithi njia hiyo. Inafaa kwa hesabu ya daraja za ndoa, na katika hiyo tumshukuru. Lakini ikitumiwa peke yake yawaibia watu wetu. Baba mdogo aliyekulea baada ya baba yako kufa, mashine yamweka pembeni kama mtu wa mbali. Kwa Watabwa mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake; mchoro unaopanga kila kitu chini ya jina la baba wamwonyesha mtoto huyo katika nyumba isiyo yake. Dawa si ngumu: katika kila ukurasa andikeni mambo mawili, damu na jina la kuitana. «Baba yake mzazi ni fulani. Baba anayemwita baba ni fulani.» Bila la kwanza ndoa itaharibika, na bila la pili shukrani yapotea.

Wako pia ambao hawana la kuandika juu yao. Kando ya Tanganyika, katika karne ya kumi na tisa, misafara ya pembe na watumwa iliwavunja watu wengi. Mapadri Weupe walipokabidhiwa Mpala mwaka 1885, waliwapokea na kuwakomboa watoto wasiojua kijiji chao. Ng'ambo ya pili, huko Karema, alitumika Adrian Atiman, aliyeibwa akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, akakombolewa na mapadri hao, akafundishwa uganga wa Kizungu, akawa daktari na katekista mpaka alipokufa mwaka 1956. Kwa wengi wa namna hiyo kitabu cha ubatizo ndicho ukurasa wa kwanza wa ukoo. Wajukuu wao hushawishika kujaza mahali palipo tupu kwa jina la chifu au mtu mashuhuri, maana mchoro usio na kilele huwatia haya. Wasifanye hivyo. Mtakatifu Paulo alimwonya Timoteo juu ya watu wanaojishughulisha na nasaba zisizo na mwisho, zinazozaa ubishi tu. Ukurasa wa babu aliyekombolewa uandikwe hivi: alikombolewa, alibatizwa mwaka fulani, wazazi wake hatuwajui. Mjukuu anayeandika hayo hana sababu ya kuinamisha uso.

Nanyi wakatekumeni, majina yenu yamekwisha kuandikwa katika kitabu cha wakatekumeni, na mtakapochaguliwa mwanzoni mwa Kwaresima yataandikwa tena. Hakuna atakayeuliza kama bibi yenu alinunuliwa. Mtapewa msimamizi, naye atakuwa mzazi wenu katika imani. Kama mnachora ukoo katika simu, mpeni naye ukurasa na uzi wake, ila kwa alama nyingine, ili asichanganywe na damu.

Abaki yule mtoto wa vita, ambaye mzee amesema asiandikwe. Andika jina lake chini ya mama yake, katika mstari mmoja na ndugu zake, kwa herufi zilezile. Mahali pa baba acha wazi. Usiandike «hajulikani», wala «adui», wala neno lolote. Kisha, kabla ya kumwonyesha mtu mwingine mchoro, nenda kwa mama huyo peke yake, umsomee ulichoandika, umwulize kama aridhika. Mtoto atakapokuwa mtu mzima na kuuliza, atamwuliza mama yake.